Je, Wajua? Kubadili Majina kwa Mkupuo kwenye Michoro ya Garsen na Tana River

Je, wajua kwamba Katiba ya Kenya ilipotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, makabati mazima ya michoro ya barabara, visima, mifereji na shule yalipitwa na wakati bila mtu kuyagusa? Pembeni mwa kila mchoro wa kihandisi huwa na kisanduku kinachotaja mradi, mahali, kipimo, tarehe na ofisi yenye kazi. Michoro ya huku kwenye Mto Tana iliandikwa "COAST PROVINCE" na "TANA RIVER DISTRICT". Mikoa ikafutwa, kaunti 47 zikaja, na serikali za kaunti zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Kuta, mabomba na makalavati kwenye michoro yalibaki sahihi. Kilichochakaa ni maandishi.

Wajua jinsi wachoraji wanavyojinasua? Hawafungui faili moja moja. Huandika skripti, yaani orodha fupi ya amri, wakaiambia kompyuta: pita folda hili lote, kila unapokuta jina hili weka lile, hifadhi, funga, nenda kwenye mchoro unaofuata. Kazi ya wiki nzima ya macho na vidole huisha kabla chai haijapoa. Makosa nayo huenda kwa kasi hiyohiyo.

Je, wajua kwamba ukiagiza "District" igeuzwe "County" kila mahali, utaunda kaunti ya 48? Tana River ilikuwa wilaya na sasa ni kaunti, nambari 004 katika orodha ya nchi. Lakini kabla ya Katiba hiyo ilikuwa imemegwa Wilaya ya Tana Delta, na Garsen iko ndani yake. Hiyo haikuwa kaunti. Leo ni kaunti ndogo. Skripti isiyojua historia itachapa "TANA DELTA COUNTY" kwenye kila mchoro wa Garsen, Ngao, Tarasaa na Kipini, kwa herufi nzuri zilizonyooka, na plota haitauliza swali. Dawa yake ni mpangilio. Jina refu na la pekee litangulie, "Tana Delta District" ligeuzwe kikamilifu, ndipo "Tana River District" lifuate. Neno "District" peke yake usiliguse kabisa, kwa sababu liko pia kwenye cheo cha mkuu wa wilaya na kwenye majina ya hospitali, na kila moja lilipata badiliko la kwake.

"Coast Province" nayo haikugeuka kuwa kitu. Ilifutwa. Basi skripti huibadilisha kwa utupu, na anwani iliyokuwa na koma mbili hubaki na koma zinazofuatana bila neno katikati. Ukiona mchoro wa Tana River wenye ", ," kwenye kisanduku, umeona kaburi la mkoa.

Je, wajua kwamba ile 004 huweza kugeuka 4 bila mtu kuagiza? Orodha ya majina ya zamani na mapya mara nyingi hutayarishwa kwenye lahajedwali kabla ya kulishwa skripti, na lahajedwali huchukulia 004 kuwa tarakimu, ikatupa sifuri. Hali ni hiyohiyo kwa maeneo bunge: Garsen ni 018, Galole 019, Bura 020. Weka safu hiyo iwe ya maandishi kabla ya kuandika chochote.

Sasa barabara, maana hapa ndipo Garsen inapotoa somo ambalo Nairobi haina. Je, wajua kwamba barabara iliyokuwa B8 ilitoka Mombasa, ikapita Kilifi na Malindi, ikafika karibu na Garsen, kisha ikapanda na mto kupitia Hola hadi Garissa? Na kwamba ile ya kutoka Garsen kwenda Witu na Lamu ilikuwa C112? Mwaka 2016 serikali ilichapisha uainishaji mpya wa barabara. Leo A7 inapita Mombasa, Malindi na Garsen, inaendelea Witu hadi Lamu. Yaani nambari mbili za zamani zimeungana kuwa moja, na nambari moja ya zamani imekatika vipande viwili, kwa sababu upande wa kupanda Hola na Garissa haukuingia kwenye A7; ulipewa nambari nyingine. Mkato uko kwenye makutano ya Minjila, karibu na Garsen.

Mwambie fundi wa kompyuta "geuza B8 iwe A7" naye atakupeleka Hola kwa barabara ya Lamu. Hakuna kanuni ya herufi itakayomwokoa, maana herufi ni zilezile mbili kusini mwa Minjila na kaskazini mwake. Skripti lazima iulize kitu kingine: mchoro huu uko folda gani, au maandishi haya yamekaa wapi kwenye ramani. Inawezekana. Kila andishi kwenye mchoro wa kompyuta lina kituo chake, mashariki kiasi gani na kaskazini kiasi gani, na skripti inaweza kusoma namba hizo kabla ya kuamua. Yaliyo kaskazini mwa makutano yapate nambari yake, yaliyo kusini yapate A7. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mchoraji anayeijua Tana na yule aliyepewa tu orodha ya maneno.

C112 haina shida hiyo. Iligeuka A7 moja kwa moja, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Je, wajua kwamba programu ya AutoCAD, ambayo ofisi nyingi za wahandisi na wapimaji hutumia, ilitoka Desemba 1982, na kwamba lugha ya kuiandikia skripti, AutoLISP, iliongezwa mwaka 1986? Lugha hiyo ni mtoto wa LISP, iliyobuniwa na John McCarthy kule MIT, Marekani, mwaka 1958. Kwa hiyo kijana anayebadili majina ya zahanati za Tana Delta leo anatumia sarufi iliyotangulia uhuru wa Kenya kwa miaka mitano. Mabano yake ni mengi mno. Aliyewahi kuyahesabu saa nane mchana katika joto la Garsen hana haja ya kuelezwa.

Je, wajua kwamba amri ya AutoLISP ya kubadili maneno, vl-string-subst, hubadili mara ya kwanza tu? Andishi likisema "Tana River District Water Office, Tana River District", jina la kwanza litageuka na la pili litabaki lilivyo. Ndiyo maana mara nyingine mtu huona mchoro mmoja una kaunti na wilaya kwenye mstari uleule akadhani ni siasa.

Basi mchoraji huizungusha amri hiyo: rudia mpaka neno la zamani lisipatikane tena. Hapo kuna mtego wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza. Tuseme unataka "Tana River" iwe "Tana River County". Skripti inatafuta "Tana River", inaikuta, inaibadili, inarudi mwanzo, inatafuta "Tana River" na inaikuta tena, maana iko ndani ya jina jipya. Inaongeza "County" ya pili. Na ya tatu. Haitasimama mpaka mtu aizime. Tiba ni kuanza utafutaji upya baada ya pale jina jipya linapoishia, kamwe si mwanzo wa mstari.

Hata skripti isiyozunguka ina tatizo hilohilo ukiiendesha leo na mwenzako akaiendesha kesho: "Tana River County County". Jaribio zuri kabla ya kuanza ni kujiuliza kama jina jipya limebeba la zamani tumboni. Mfano wa jina salama ni mamlaka ya bonde la mto. Ilianzishwa mwaka 1974 kama TRDA, kisha mwaka 1981 Mto Athi ukaongezwa na ikawa TARDA. Ndani ya TARDA hakuna TRDA. Endesha skripti mara kumi, matokeo ni yaleyale.

NIB je? Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji, iliyosimamia skimu kama Hola, ilipisha Mamlaka ya Taifa ya Umwagiliaji kwa sheria ya 2019, na NIB ikawa NIA. Rahisi, isipokuwa kwa wasanifu wa majengo. Kwao "NIB" ni kipande kifupi cha ukuta kinachochomoza kando ya mlango, na michoro huandikwa kwa herufi kubwa tupu. Mchoro wa nyumba ya mlinzi wa skimu ukitoka na "NIA WALL", fundi wa mawe atakuja ofisini kuuliza.

Je, wajua kijiji cha Kau, karibu na Kipini? Utafute kwenye michoro iliyoandikwa Kiswahili bila kuweka alama kwenye chaguo la neno zima, na utapata kila "Kaunti" iliyoandikwa. Hola imo ndani ya Nicholas, ikiwa hukujali herufi kubwa na ndogo, na wahandisi wenye jina hilo hawakosi kwenye visanduku vya saini. Ozi imo ndani ya ngozi na uongozi. Chara, kata ile ya kule delta, imo ndani ya neno la Kiingereza la herufi, "character", ambalo hutokea kwenye maelezo ya michoro kuliko unavyofikiri. Neno fupi ni hatari. Majina mengi ya vijiji vya Tana ni mafupi.

Na Bura? Hiyo hata neno zima halikusaidii. Kuna Bura ya Tana River, yenye skimu ya umwagiliaji, na kuna Bura ya Taita Taveta. Ofisi inayoshughulikia Pwani yote ina michoro ya zote mbili katika folda moja.

Je, wajua kwamba Garsen haikai peke yake? Ni mji, ni eneo bunge, na eneo bunge hilo lina wadi za Garsen Kusini, Garsen Kati, Garsen Magharibi na Garsen Kaskazini, pamoja na Kipini Mashariki na Kipini Magharibi. Ukisema kila "Garsen" iwe "Garsen Town", wadi nne zinapata mji ambao hazikuuomba. Namna ya kuepuka ni kuandika kanuni inayosema: badilisha Garsen isipokuwa inapofuatwa na mojawapo ya majina ya dira au neno Kati. Lugha ya kanuni za namna hiyo ina asili ya miaka ya 1950 katika kazi ya Mmarekani Stephen Kleene, na ilipata umaarufu kwenye kompyuta za Bell Labs katika miaka ya 1970, ambako programu za grep na sed zilizaliwa. Wanaotumia sed wanajua ile herufi g ya mwisho: ukiisahau, neno la kwanza tu kwenye kila mstari hubadilika. Ugonjwa uleule wa AutoLISP, daktari mwingine.

Je, wajua malka? Ni njia ambazo wafugaji wa Tana, Waorma na wenzao, huzipitia na mifugo kwenda kunywa mtoni katikati ya mashamba ya Wapokomo. Kila ramani ya matumizi ya ardhi ya delta huzionyesha, maana ugomvi mwingi wa kiangazi huanzia pale njia hizo zinapozibwa. Sasa angalia kitu kidogo kwenye maelezo yake: "njia ya ng'ombe". Ile alama ya juu kati ya g na o ina sura mbili kwenye kompyuta. Moja imesimama wima, hutoka moja kwa moja kwenye kibodi. Nyingine imejikunja, huwekwa na programu za uandishi zenyewe mtu anaponakili maandishi kutoka kwenye ripoti. Kwa jicho ni alama moja. Kwa skripti ni herufi mbili tofauti kabisa, na ukitafuta moja, malka zilizoandikwa kwa nyingine zitarukwa zote. Nusu ya njia zinapata jina jipya, nusu zinabaki na la zamani, na mkutano wa kijiji unaanza kujadili kama kuna njia za aina mbili. Tena fonti za zamani za uchoraji mara nyingine hazina ile iliyojikunja, basi kwenye karatasi hutoka "ng?ombe". Kiswahili kina ng' kila mahali, kwa hiyo kanuni yetu ya utafutaji lazima ikubali alama zote mbili. Wanaoandika skripti huko California hawana sababu ya kulifikiria hilo.

Kwa kasi sasa. Njia ya umeme ya msongo mkubwa kutoka Rabai kwenda Lamu kupitia Malindi na Garsen ni ya kilovolti 220. Kwenye michoro utaikuta kama 220kV, 220 kV, 220KV na 220 Kv. Iliyo sahihi ina nafasi, k ndogo na V kubwa. Kanuni moja inazikamata zote nne.

Je, wajua kwamba kwenye faili za skripti zenye mkia wa .scr, nafasi kati ya maneno mara nyingi ni sawa na kubonyeza kitufe cha Enter? Folda lenye jina "Tana River" likiandikwa bila alama za kunukuu, programu inasikia "Tana", inaitikia, kisha "River" inaichukulia kuwa amri mpya isiyoijua. Hata nafasi moja iliyosahaulika mwishoni mwa mstari, ambayo jicho haliioni, hurudia amri iliyotangulia. Majina ya maneno mawili ni mengi hapa kwetu, basi wengi huandika Tana_River kwenye majina ya mafolda wakapumzika.

Je, wajua kwamba andishi refu la aya kwenye mchoro hukatwa vipande vya herufi 250 ndani ya faili? Kwenye skrini ni aya moja. Ndani, vipande vya mwanzo vina namba ya 3 na cha mwisho kina namba ya 1. Skripti iliyoandikwa haraka husoma namba 1 pekee, kwa hiyo hubadili mkia wa maelezo na kuacha kichwa. Na jina likiangukia kwenye mkato, "Gar" upande huu na "sen" upande ule, halionekani kokote. Wenye uzoefu huunganisha vipande kwanza, hubadili, ndipo wakavikata upya.

Ndani ya aya hizo pia kuna alama zilizofichika. Mstari mpya huandikwa \P. Mtu akiwa amevunja mstari katikati ya jina, faili lina "Tana\PRiver", na mtafutaji wa "Tana River" anapita akipiga mluzi. Rangi, fonti na mistari ya chini nazo zina alama zao. Kwenye maandishi mafupi ya zamani, %%c ni alama ya kipenyo, %%d ni nyuzi, %%p ni jumlisha-toa. Makalavati ya barabara za huku chini yanaandikwa hivyo, "%%c900" kwa bomba la milimita 900. Anayeona alama mbili za asilimia akadhani ni uchafu wa kusafishwa atafuta kipenyo cha kila bomba, na maji ya Tana hayana subira na makosa ya vipenyo.

Je, wajua kwamba kipimo kilichoandikwa kwenye mchoro kinaweza kusema uongo? Mshale wa vipimo hupima wenyewe umbali na kuandika namba, na ndani ya faili namba hiyo huwakilishwa na alama <>. Lakini mchoraji anaweza kuiandikia juu namba anayoitaka. Skripti ya kubadili maneno inazigusa hizo pia ikiruhusiwa, na hapo "7000" inakuwa "7500" huku daraja lenyewe likibaki lilivyo. Vipimo visiingizwe kabisa kwenye mkupuo wa majina. Sioni sababu yoyote ya kuvunja sheria hiyo.

Na hili ndilo kosa ghali kuliko yote niliyoyataja. Ramani nyingi za zamani za Kenya zilipimwa kwa mfumo wa Arc 1960, na vifaa vya setilaiti vya leo hutumia WGS 84. Garsen iko kwenye ukanda wa 37 Kusini katika mifumo yote miwili, kwa hiyo namba za mashariki na kaskazini zinafanana sana kwa sura, idadi ileile ya tarakimu, mwanzo uleule. Mtu akiona maandishi "Arc 1960" kwenye kona ya mchoro anashawishika kuyapachika "WGS 84" yaonekane ya kisasa. Lakini mahali palepale, katika mifumo hiyo miwili, hutofautiana kwa takriban mita 300. Maandishi yamebadilika, viratibu havikubadilika, na kisima kilichokusudiwa kuwa kando ya shule sasa kimo kwenye mbuga ya mafuriko. Kuhamisha mfumo ni hesabu ya viratibu vyenyewe, na kuna programu zake. Kutafuta na kubadili maneno hakuifanyi kazi hiyo.

Je, wajua kwamba mdomo wa Mto Tana umewahi kuhama? Zamani uliingia baharini kusini zaidi. Katika karne ya 19, wakati wa watawala wa Witu, ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi, na taratibu Tana ikaupenda mfereji kuliko njia yake, ikaingia Ozi na kutokea Kipini, inakotokea mpaka leo. Kwa hiyo ramani za vipindi tofauti huweka majina tofauti kwenye maji yaleyale. Hapo swali halihusu tahajia. Mwenye ramani ya kihistoria na aache "Ozi" pale ilipoandikwa. Mwenye mchoro wa tuta la mafuriko la mwaka huu aandike Tana. Skripti moja isiwapitie wote wawili.

Vijiji navyo huhama. Baada ya mafuriko makubwa, kama yale ya El Niño ya 1997 na 1998, watu huinuka na kwenda palipoinuka, na jina huenda nao. Katika hali hiyo neno la kwenye ramani ni sahihi herufi kwa herufi. Mahali lilipokaa ndipo si sahihi. Kutafuta na kubadili hakuna la kusema hapo.

Je, wajua kwamba mchoro unaweza kuazima mchoro mwingine? Ramani ya msingi ya mto, barabara na mipaka huhifadhiwa peke yake, na michoro ya miradi huiangalia kwa mbali bila kuinakili. Maandishi ya ramani hiyo yanaonekana kwenye kila karatasi, lakini skripti inayopita kwenye karatasi hizo haiyabadili. Inabidi ibadilishwe ile ramani yenyewe. Habari njema ni kwamba ukiibadili mara moja, karatasi zote zinafuata. Tabaka lililofungwa kwa kufuli nalo mara nyingi hukataa kuguswa, na skripti zilizoandikwa kwa uzembe hupita kimya bila kuripoti.

Njia ya kuepuka usumbufu huu wote ipo tangu AutoCAD 2005, iliyoleta uga na seti za karatasi: jina la kaunti huandikwa mahali pamoja, na kila kisanduku hulisoma kutoka hapo. Siku likibadilika, unabadilisha mara moja. Ofisi ngapi zinaitumia? Chache kuliko zinavyopaswa, maana kisanduku cha zamani hunakiliwa kutoka mradi hadi mradi, na hakuna mwenye muda wa kukijenga upya.

Gharama je? Toleo jepesi la programu hiyo, AutoCAD LT, halikuwa na AutoLISP mpaka toleo la 2024. Kwa asiye na leseni yoyote, kuna njia ya bure: kigeuzi cha Open Design Alliance hugeuza folda zima la DWG, faili za AutoCAD, kuwa DXF, ambayo ni faili ya maandishi ya wazi, kisha maktaba ya Python iitwayo ezdxf huisoma na kuibadili. Wenye leseni kamili wana programu ya bure ya kubadili maneno kwa mkupuo ya Lee Mac, Mwingereza ambaye kazi zake zimeokoa jioni za wachoraji wengi kuliko anavyojua. Na kwa ramani zilizo kwenye QGIS, amri ya replace hufanya kazi hiyo kwenye jedwali la majina kwa mstari mmoja.

Wajua namna ya kujua umri wa faili la DWG bila kulifungua kwenye programu yake? Lifungue kwa kihariri cha maandishi cha kawaida. Herufi sita za kwanza zinasema. AC1015 ni muundo wa 2000, AC1027 ni wa 2013, AC1032 ni wa 2018. Skripti ikihifadhi kila kitu kwa muundo mpya kimyakimya, ofisi ya Hola yenye programu ya zamani haitaweza kufungua hata mchoro mmoja. Iambie skripti ihifadhi kwa muundo ilioukuta.

Faili lenye mkia wa .bak ni nakala ya hifadhi iliyotangulia, moja tu. Ukiendesha skripti mara mbili, nakala ya akiba unayobaki nayo ni ile iliyokwisha kuharibiwa mara ya kwanza. Nakili folda zima kwingine kabla ya yote.

Je, wajua kwamba mchoro uliokwisha kutiwa saini haubadilishwi, hata neno moja? Hutolewa toleo jipya lenye herufi yake kwenye kisanduku, A, B au C, na tarehe. Ramani ya upimaji iliyoidhinishwa enzi za wilaya inabaki na wilaya yake, kwa sababu ni ushahidi wa siku ile. Kwa hiyo folda la kwanza la kutengwa kabla ya mkupuo ni lile la michoro iliyoidhinishwa.

Na skripti iliyokomaa huanza kwa kujifanya. Inapita mafaili yote, haibadili kitu, inaandika ripoti tu: mchoro huu ungebadilishwa mara nne, ule mara kumi na mbili, ule mwingine mara 0. Isome ripoti hiyo kuanzia kwenye sifuri. Mchoro wa shule ya Tarasaa hauwezi kukosa jina la wilaya, kwa hiyo ukipata 0, ufungue. Pengine maandishi yake yalivunjwa zamani yakawa mistari mitupu, au karatasi nzima ni picha iliyoskaniwa na kubandikwa. Hiyo ni ya kuandikwa upya kwa mkono.